Madam Loise wa Miasenyi

Jumamosi asubuhi mjini Voi, ukitaka kuona elimu inavyosukumwa mbele, usihangaike kupita shuleni. Panda ngazi za ile hoteli iliyo juu ya duka la mbegu, ng'ambo ya soko, yenye waifai ya bure na chai inayofanana na maji yaliyosuuzia vikombe. Utawakuta walimu wamepangwa ukutani kama nguo kwenye kamba, sikio moja lina earphone, lingine linamsubiri mhudumu aite mandazi. Hapo ndipo wanapoendelezwa kitaaluma.

Wakesho aliingia akiwa na gauni la rangi ya haradali, mkanda mwembamba kiunoni, rasta zimefungwa nyuma, na viatu vyeupe ambavyo mtu wa kawaida hawezi kuvileta kwenye vumbi jekundu la Voi. Havikuwa na doa. Alikuwa anafundisha Sayansi huko Maungu. Alikuwa mrembo na alijua, na watu wengi aliwaangalia vile mtu anaangalia wali wenye mchanga. Kozi yenyewe aliidharau. Lakini bila cheti chake hakuna kupandishwa daraja, kwa hivyo alikuwa amekuja, simu yake inakata roho, na soketi ya pekee ya ukuta ule ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa jamaa mrefu, shati la kitenge limefungwa vifungo kombo, shingo imenyooka vizuri kuliko ile akili. Mbele yake palikuwa na trei ya mayai. Ndani ya trei, pale mayai yanapokaa, alikuwa amesimamisha simu sita. Karibu zote zilikuwa kozini.

"Mwalimu, hizi zote ni zako?" Wakesho akauliza.

"Hapana, madam. Hii ni stafrumu yetu." Jamaa akaanza kuonyesha kwa kijiko cha chai. "Huyu ni deputy. Huyu wa kioo kilichopasuka anafundisha Kiswahili. Huyu wa kasha la pinki ni madam mmoja, usimguse, leo yuko makini sana."

"Na wewe ni yupi?"

"Mimi ni ile imezima."

Wakesho hakucheka. Alimwangalia kuanzia vifungo mpaka viatu, akainama, akamchomoa deputy, akachomeka simu yake.

"Deputy amepata dharura," akasema, na kukaa.

Jamaa aliitwa Sylus, mwalimu wa Hesabu katika shule moja upande wa Ndara, huko ambako ndovu wakija kunywa maji darasa zima linahamia dirishani na mwalimu anaongoza. Alimweleza haya yote bila kuulizwa. Wenzake walikuwa na mashamba, mazishi na biashara zao Jumamosi, na yeye ndiye aliyejua kubonyeza "nipo" kwa wakati. Wakesho akamuuliza kama wanafunzi wake wangemletea daftari sita zilizoandikwa na mtoto mmoja angesema nini. Sylus akafikiria, akasema angempa huyo mtoto u-prefect.

Kwenye skrini, Daktari Hillary wa Nairobi alikuwa akisoma slaidi. Alikuwa daktari wa kitu ambacho hakuwahi kukitaja, na alizisoma neno kwa neno, pamoja na nambari za kurasa. Siku hiyo alitangaza kwamba kila mshiriki atapewa mwenza wa tafakari. Kila wiki wenza wataandikiana ni nini kilishindikana darasani, bila kuoneana aibu. Mwenza wa Wakesho akatokea kwenye simu, jina na makazi tu: Loise, Miasenyi.

Ujumbe wa kwanza wa Loise ulikuja jioni ile. Ulisema amejifunza mengi na ataendelea kumweka mwanafunzi katikati ya ujifunzaji. Wakesho akaudharau hata kabla hajaumaliza. Akamjibu: Mwenzangu, hii umeiokota kwa mtandao. Kama hauna la kusema, nyamaza, nitakuheshimu.

Siku mbili zikapita. Halafu Loise akaandika tena, safari hii bila maneno makubwa. Alisema kuna mtoto alimuuliza kwa nini hasi mara hasi inakuwa chanya, na yeye alikuwa hajui, basi akamwambia aache ujeuri akae chini. Tangu siku hiyo yule mtoto hajainua mkono tena.

Wakesho akausoma mara mbili. Hakuwa amewahi kusikia mwalimu akisema hajui. Aliandika kitu ambacho hakuwa amemwambia mtu: kwamba mtaala ulipobadilika alipewa somo la umeme ambalo mwenyewe hakulielewa vizuri, kwamba alifundisha makosa muhula mzima kwa sauti ya kujiamini, na watoto wakanakili yote kwa wino wa buluu.

Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza. Daktari Hillary aliendelea na slaidi zake huko juu, na wanawake wawili wakaendelea huku chini.

Jumamosi iliyofuata Sylus alikuja bila trei. Meza yake ilikuwa na simu moja tu. Akamwambia Wakesho maneno yake kuhusu zile daftari sita yalimkosesha raha, amewarudishia watu simu zao, na sasa shule nzima haimsalimii. Deputy alikuwa amemwita kirusi cha stafrumu.

"Zote umerudisha?" Wakesho akauliza.

"Kwani unaona ngapi?"

Aliona moja. Akasogeza kiti, akampa nusu ya soketi.

Basi mapenzi yakaja vile yanavyokuja kwa watu wazima wenye kazi: kwa simu za jioni, kwa kusindikizana stendi, kwa kuchekana. Sylus alikuwa na bahati ya ajabu. Wanaume wengine walimwita Wakesho babe na akawafungia namba. Sylus alimwita Mwalimu, hivyo tu, lakini alilivuta jina lile taratibu mpaka likawa na joto. Wengine walileta maua yanayokauka kabla ya Maungu. Sylus alileta muhogo wa kuchoma, pilipili nyingi, ndimu kando, vile vile Wakesho alivyopenda. Wakesho akikasirika, Sylus hakumfuata wala kumwomba asikasirike, alitembea kando yake kimya mpaka hasira iishe, kana kwamba alikuwa ameambiwa kwamba yeye hasira zake huisha kwa miguu.

Siku moja, kwenye ngazi za hoteli, akamwambia, "Mwalimu, huo ukali wako watu wanauogopa. Mimi ndio unanifanya nije."

Wakesho alishika chuma cha ngazi. Kulikuwa na mwanaume aliyeitwa Austin, karani wa ofisi moja Mombasa, aliyemwacha kamati ya harusi ikiwa imeshachagua rangi. Sababu aliyotoa ni kwamba Wakesho ni mkali sana, nyumba itakuwa kama mahakama. Tangu hapo alikuwa akitembea na sentensi ile kama kokoto ndani ya kiatu. Na sasa jamaa wa vifungo kombo alikuwa ameitoa bila hata kujua ilikuwepo.

Usiku huo akamwandikia Loise yote. Jinsi shingo ya yule jamaa inavyomtoa kwenye slaidi. Jinsi anavyoogopa. Akamwambia, mwenzangu, wewe uko na akili, nimpe nafasi ama nimpige teke mapema?

Loise alichelewa kujibu. Halafu akaandika: Mpe nafasi. Anaonekana mjinga lakini moyo wake ni mzuri.

Wakesho akacheka peke yake kitandani, akampa nafasi.

Nafasi ilimea. Kufikia katikati ya muhula Sylus alikuwa ameshapelekwa Wundanyi kusalimia, akala kimanga cha muhogo na maharagwe mpaka mama mtu akaridhika, na kwenye simu maneno yalishaanza kuzunguka posa. Wakesho akaona si vizuri kufika huko bila kumshukuru aliyemsukuma. Loise hakupenda kupigiwa simu, kila mara alisema maiki ya simu yake ni mbovu, lakini Miasenyi si mbali na Maungu. Wakesho akanunua kitenge kizuri, akavaa blauzi nyeupe na sketi ya kijani, akasimamisha gari barabarani, akaenda.

Kumpata haikuwa kazi. Madam Loise kila mtu alimjua, alikuwa na kibanda cha nguo za mtumba kando ya barabara kuu, pale lori zinapopumzika. Mama mnene, mchangamfu, kalamu nyekundu bado imechomekwa kwenye nywele.

"Mwenzangu," Wakesho akasema, mikono imefunguka.

"Karibu mwenzangu," Loise akajibu, na kumpimia blauzi kifuani. "Hii ilikuwa inakungoja wewe. Geuka."

Wakesho akageuka, kwa kuchanganyikiwa tu. Akasema yeye ni Wakesho. Wakesho wa Maungu. Wa kozi. Wa tafakari.

"Kozi?" Loise akainua kichwa juu, akitafuta kumbukumbu. "Aah, ile ya mtandao. Hiyo mimi sijui kitu, dada. Nilipohamishwa kutoka Ndara nilimwachia Sylus ile simu yangu ya pili, ya kasha la pinki. Wengine aliwarudishia, mimi akaniambia nisijali, yangu atamaliza. Kijana mzuri sana. Kwani tumefika wapi? Napita?"

Lori lilipita likitikisa nguo zote kwenye kamba. Wakesho akasimama hapo, kitenge kwapani. Aliona kila kitu kwa mpigo, yote aliyowahi kumwandikia Loise: muhogo, ndimu kando, kimya cha kutembea, sentensi ya ngazini. Aliona hasa ile "moyo wake ni mzuri", na shingo, Mungu wangu, ile habari ya shingo.

Akatoa simu. Akaandika kwa mwenza wake: Loise, nimesimama mbele yako. Unanipimia blauzi. Mbona hunijui?

Alama mbili zikawa buluu. Halafu simu ikalia, na jina lililokuja halikuwa la Loise.

"Mwalimu," Sylus akasema.

"Yupi anaongea? Niambie nijue salamu nitoe ya kike ama ya kiume."

"Wakesho, naomba unisikize."

"Nilishakusikiza. Nilikuuliza kama nikupe nafasi na ukaniambia nikupe nafasi. Ulijiandikia barua ya mapendekezo, Sylus, na ukajipigia muhuri."

"Nilijaribu kumrudishia kila mtu simu yake. Hiyo moja ilinishinda. Ningeirudisha ungeacha kuniandikia."

"Sikuwa nakuandikia wewe."

Ndani ya kibanda Loise alikuwa ameacha kukunja nguo, anasikiza bila haya, kama anafuatilia redio.

"Mambo ya darasani yalikuwa yangu," Sylus akasema. "Yule mtoto wa hasi mara hasi ni wangu. Sikudanganya hapo hata kidogo."

"Mwanafunzi akipatikana na mwakenya wa kuibia mtihani kwenye soksi, mnamfanya nini huko Ndara?"

"Wakesho, tafadhali," Sylus akaanza.

"Nakuuliza kama mwalimu."

"Karatasi yake inafutwa. Yote. Hata yale aliyojibu mwenyewe."

"Basi umejua. Ulinipenda na mwakenya."

Akakata. Akampa Loise kile kitenge, kwa sababu hakuwa na pa kukipeleka, na Loise akakipokea akisema kwa kweli hii kozi ina faida.

Wiki zilizofuata Wakesho alirudi kwenye dharau yake kama mtu anayerudi nyumbani. Alimdharau Daktari Hillary, slaidi na waifai. Alimdharau Sylus akiamka na akilala, na ikawa inamchosha, maana wengine aliwadharau bila kutumia nguvu, huyu alihitaji kukumbushwa. Simu zake hakushika. Posa ilikufa yenyewe. Mama mtu aliuliza mara moja, akaona uso wa binti, akabadilisha mazungumzo yakawa ya mahindi. Neno moja tu kwa Hillary lingemfukuza Sylus kozini na pengine kumharibia kazi. Hakulisema. Alijiambia ni kwa sababu Loise naye angeumia. Hata yeye hakuiamini sababu hiyo.

Kikao cha mwisho, sheria ilikuwa kila mmoja awashe kamera na kusema amejifunza nini kwa mwenza wake. Loise aliletwa kwenye skrini kwa mara ya kwanza, nguo za mtumba zikipepea nyuma yake, kile kitenge kipya kichwani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia mazishi ya watu asiowajua. Daktari Hillary akasema, Madam Wakesho, tuambie kuhusu mwenza wako.

Wakesho akafungua mdomo. Kabla hajapata neno, kiboksi kingine kikawaka. Ni Sylus, shati jeupe, vifungo sawa leo, nyuma yake ubao uliofutwa vibaya.

"Daktari, samahani. Madam Loise hajawahi kuwa kwenye kozi hii. Nilikuwa mimi. Madam Wakesho aliandika ukweli kila wiki akidhani anamwandikia mwanamke mwenzake, na mimi nikausoma nikautumia kumpata. Yeye ndiye mtu pekee hapa aliyefanya hii kozi. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

Viboksi vyote vikaganda. Mwalimu mmoja alikuwa na andazi mdomoni na hakulitafuna.

Daktari Hillary aliinua macho kutoka kwa karatasi zake. "Asante sana Mwalimu Sylus kwa mchango huo mzuri," akasema. "Tukienda kwenye slaidi inayofuata..."

Wote walipita. Loise alipita na alama za juu, sehemu ya tafakari alisifiwa kwa jina. Vyeti vilikuja na saini iliyopigwa mashine, na Wakesho alikiangalia chake, akakidharau, akakiweka mahali pazuri.

Sylus alikuja Maungu wiki hiyo hiyo, mchana, jua la kupasua kichwa. Alimkuta nje ya lango la shule amekaa kwenye benchi la fundi viatu, akingoja kisigino. Hakukaa. Alisimama juani kama mtoto aliyetumwa nyumbani kuleta mzazi.

Wakesho akamwambia asidhani yale maneno ya kwenye kamera yalimgharimu kitu. Ulijitoa mhanga mbele ya mtu anayesoma nambari za kurasa, alisema. Sylus akakubali. Akasema alitarajia kufukuzwa, akapewa asante, na ile asante imemuuma kuliko kufukuzwa.

"Sasa umekuja kwa nini?"

"Karatasi yangu ilifutwa. Nimekuja kuuliza kama kuna kurudia."

Wakesho akatazama lori likipanda mlima taratibu. Halafu akaanza kumtahini, bila huruma, vile anavyojua yeye. Akamuuliza yeye Wakesho hupenda nini kwa muhogo. Sylus akafungua mdomo, Wakesho akamkatiza, hiyo iko kwenye mwakenya, ruka. Anaogopa nini? Hiyo pia ruka. Austin alimwachaje? Ruka.

"Nikiwa mgonjwa nataka kuachwa peke yangu ama nataka mtu akae?"

Sylus akafikiria. Jasho lilimtoka kwenye ile shingo. "Sijui."

"Nataka watoto wangapi?"

"Sijui."

"Kwa nini niliacha kuimba kwaya?"

"Sikujua uliwahi kuimba."

"Hukujua kwa sababu Loise hakuniuliza. Na wewe pia hukuniuliza. Tangu tujuane, Sylus, hujawahi kuniuliza kitu. Ulikuwa unafika na majibu tu."

Hilo lilimpiga. Lilionekana likimpiga. Alitazama chini, akatazama kiatu kimoja cheupe mguuni na mguu mwingine mtupu umekanyaga kipande cha gunia. Fundi alikuwa akigonga msumari polepole sana, asipoteze neno.

"Umekula?" Sylus akauliza.

Halikuwa swali la maana. Hata mpiga debe huuliza. Lakini aliliuliza kama mtu asiyejua jibu, akasimama pale akilingoja, na hakuongeza kitu.

Wakesho alimwacha angoje. Alimwacha mpaka fundi akamaliza, akavaa kiatu, akajaribu kisigino chini.

"Sijakula," akasema. "Na nikiwa na njaa huwa na mdomo mbaya sana. Hiyo sikumwandikia Loise."

"Hiyo sikuhitaji kuandikiwa."

Safari hii alicheka, akajikasirikia kwa kucheka. Akampa mkoba abebe.

Waliingia kibanda cha chakula kando ya barabara, wakaagiza maharagwe na chapati, na Sylus akauliza kila kitu, mdomo umejaa, kama mtoto wa gredi ya kwanza. Aliuliza kuhusu kwaya, ugonjwa, watoto, na upande gani wa kitanda. Chapati zilipoisha akauliza lile kubwa, bila pete na bila kupiga goti, mafuta bado yako vidoleni. Wakesho akamwambia ndiyo, lakini Wundanyi atakwenda kujieleza mwenyewe kwa mama, yote, mpaka ile ya shingo.

Maswali yale mengine alimjibu taratibu, moja moja. Baadhi yake alimdanganya makusudi. Atakuja kugundua mwenyewe huko mbele, kidogo kidogo, kama waume wengine wote.